Mashuka Yenye Joto

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Zikikukuta umesimama tafuta kiti, maana nina mengi, na herufi zangu unazijua zilivyo, zinatembea kama zimekunywa. Sisi huku hatujambo. Kaka yako hajambo, yuko na baiskeli zake pale njia panda, anarudi jioni mikono myeusi mpaka viwikoni na hanawi mpaka nipige kelele. Anakusalimu, anasema ukija umletee bisibisi ya huko, nami nimemwambia hakuna mtu aliyewahi kupandia ndege bisibisi. Shangazi yako hajambo. Alikuja kwa siku mbili kutupa pole ya msiba wa baba yako, Mungu amrehemu, na hizo siku mbili bado zinaendelea. Juzi amenunua pazia. Nilipoona pazia nikajua basi, huyu si mgeni tena. Anakusalimu sana. Jirani yetu Mama Redio hajambo na mdomo wake haujambo, taarifa ya habari tunaipata kwake asubuhi na jioni. Paka hajambo, amenenepa.

Chiriku wako nimemweka mwisho makusudi, ili usiruke salamu za wengine. Hajambo, tena sana. Jina tulilompa halikukosea, akifungua jicho na mdomo umeshafunguka, mpaka usingizi umchukue katikati ya neno. Aliniuliza mama yake anafanya kazi gani huko, nikamwambia anasoma damu kwa taa. Sasa anamwambia kila anayepita barazani, na watu wananitazama mimi kana kwamba nimekupeleka kwa mganga. Tafadhali nieleze vizuri nipate la kusema.

La pili ni pasi. Uliniomba kabla ya kuondoka niache pasi ya mkaa kwa ajili ya kifua changu. Nimeacha. Wateja nimewaambia mama dobi amestaafu. Nakaa barazani mikono mapajani kama mgeni wa heshima. Kwa hiyo mwambie Mama Redio aache kunichungulia. Najua umemwachia kazi ya uaskari, ameniambia mwenyewe, kwake siri haikai hata ukiifunga kamba.

La tatu ndilo lenyewe. Ulisema ukimaliza masomo unarudi. Tulisikia umemaliza. Watu walikuja kunipongeza, nikawapa chai. Sasa Chiriku ananiuliza mama anakuja lini, namjibu bado kidogo. Kidogo hicho ni kiasi gani, mwanangu? Anajibiwa hilo mwaka wa pili sasa. Nijibu hilo kwanza, mengine yafuate.

Ni mimi mama yako.

29 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimeisoma nikiwa nimeketi kama ulivyoamuru. Msalimie kaka, bisibisi nimeiandika mkononi nisisahau. Msalimie shangazi na pazia lake. Mbusu Chiriku kwenye kile kishimo cha shavu la kushoto, mwambie kimetoka kwa mama.

Nimefurahi sana kuhusu pasi. Hujui ninavyolala vizuri nikijua umeacha ule mkaa. Endelea hivyohivyo, Mama, usidanganywe na mteja yeyote.

Umeniuliza kazi. Chiriku hajakosea sana. Ndani ya damu kuna kitu kinaitwa protini, kazi yake ni kubeba hewa tunayovuta na kuisambaza mwilini. Ifikirie kama chumba kidogo mno chenye kiti kimoja katikati, na kiti hicho ni cha chuma. Hewa safi inaingia, inakaa, inasafirishwa, inashuka. Lakini ziko hewa nyingine zinazopenda kiti hichohicho. Mimi nasoma moja inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikikaa pale hewa safi haipati nafasi, kwa sababu yenyewe inashikilia kwa nguvu mara nyingi zaidi.

Kwa macho huwezi kuona jinsi ilivyokaa. Ndiyo sababu tunatumia mwanga. Tunapitisha mwanga wa aina maalumu kwenye kichupa chenye protini, na hewa iliyo ndani inakula kipande kidogo cha mwanga huo. Mashine inachora mstari, na mahali palipoliwa panaonekana kama shimo. Shimo likisogea kidogo, najua hewa imekaa wima au imeinama, imebanwa au ina nafasi. Siku nzima natazama mashimo, Mama. Chumba kina giza na baridi, na profesa wetu hapendi watu wanaozungumza. Chiriku asingemaliza saa moja humu.

Msalimie kila mtu. Nitaandika tena.

Mwanao.

2 Mei

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote, kaka yako, shangazi yako, Mama Redio, wote wanakusalimu. Mvua zimeanza na zimeanza kwa hasira. Baraza imejaa maji, barabarani watu wanavua viatu. Kaka yako anafanyia kazi chini ya bati na wateja wachache. Paka amehama. Haki ya Mungu amehama, haingii tena chumba cha ndani, analala kwa Mama Redio, na Mama Redio ametangaza mtaa mzima kwamba kwetu hakuna hata panya wa kumshibisha.

Habari ya kiti nimeielewa vizuri kuliko unavyodhani. Hiyo hewa yako ni shangazi yako mtupu. Imekuja siku mbili, imekaa kitini, wenye nyumba wamesimama. Nilimsomea mwenyewe, akacheka mpaka akashika mlango, akasema, "Mwandikie nimeshikilia hasa, wala mwanga haunitoi." Kwa hiyo usidhani tunagombana. Tunataniana tu, wifi ni wifi.

Hukunijibu lile la kwanza. Nimegeuza karatasi nyuma nikatafuta, sikuona.

Sasa lililonifanya nishike kalamu na mvua hii. Chiriku hana raha. Si homa, nimemgusa kwa mkono na kwa shavu, hana moto. Anashika kichwa anasema ndani kuna kengele. Mchana ananywea, anaacha kuzungumza, anataka kulala tu. Anajikunja kwenye mashuka yenye joto kama kifaranga na huwezi kumtoa. Nilimpeleka zahanati wakamtoboa kidole, wakasema hana malaria, wakampa vidonge. Shangazi yako naye ana kichwa, na mara mbili ametapika. Nikadhani ni visingizio asinisaidie kazi, lakini nilipomwona anatembea kwa kushika ukuta nikanyamaza. Mimi mwenyewe kichwa ni cha uzee, usikihesabu.

Kitu kimoja kinanipa moyo. Midomo ya mtoto ni myekundu vizuri, hata kwenye kucha pana wekundu mzuri. Kwa hiyo damu ipo. Si ndivyo? Wewe unasoma damu, niambie ni nini hiki. Niambie kwa maneno ya kawaida na unijibu haraka.

Mama yako.

30 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa tunakesha na mashine. Wasalimie wote, mwambie shangazi nimecheka peke yangu kwenye ngazi mpaka mtu akaniuliza kama naumwa.

Kuhusu Chiriku, usiogope sana. Mimi si daktari wa watu, Mama, mimi ni daktari wa vichupa. Lakini midomo kuwa myekundu ni dalili nzuri, maana yake damu haijapungua. Labda ni mafua ya msimu wa mvua, labda minyoo. Shangazi naye pengine ameambukizwa hayohayo. Mpeleke hospitali kubwa wamtazame vizuri. Mwambie mama anampenda.

Mimi huku nimepata kitu, na sina wa kumwambia kwa furaha ila wewe. Unakumbuka ile hewa inayong'ang'ania kiti? Tumeigandisha protini kwa baridi kali, halafu tukaipiga kwa mwanga mwembamba wenye nguvu, unaitwa leza. Hewa ikaachia. Kwenye mashine shimo limehama, nimeliona kwa macho yangu. Inatoka kitini inakwenda kujibanza kwenye kona ya chumba kilekile, kona ambayo hakuna aliyejua ipo. Ukizima mwanga na kuongeza joto kidogo, inarudi kukaa. Profesa ambaye hapendi watu wanaozungumza ameniita kwa jina.

Natamani ungekiona kichupa. Damu yenye hewa hii inakuwa nyekundu ya kupendeza, nyekundu kuliko damu yako na yangu, kama kitambaa kipya. Ukiiona utadhani ni afya tupu.

Mwanao.

21 Juni

Mwanangu,

Hatujambo kwa kusema tu. Kaka yako ni mzima, anakusalimu. Shangazi yako yupo, amekonda, pazia lake lipo. Mama Redio anakusalimu na kesho atasema umemsalimu wewe kwanza.

Furaha yako ya mwanga nimeipokea, nimewasomea wote, hata kama nilisoma kwa kusimama kila mstari. Hongera sana, mwanangu. Nilimwambia Chiriku mama ameitoa hewa kwenye kiti kwa taa. Hakusema kitu. Zamani angeniuliza maswali mpaka nifiche kichwa.

Tulikwenda hospitali kubwa. Wakamlaza. Mwanangu, siku ya kwanza alilala tu, ya pili akaomba mkate, ya tatu akaanza kuwafundisha wauguzi kazi yao. Alimwambia muuguzi mmoja kwamba sindano inashikwa hivi. Chiriku yuleyule. Nikalia kwa furaha ukumbini. Walimpima kila kitu, wakaniambia hana ugonjwa, nendeni nyumbani. Tulifika nyumbani akiimba. Kabla juma halijaisha amezimika tena kama taa iliyoishiwa mafuta. Kaka yako akimpakia kwenye baiskeli na kumzungusha nje, anachangamka. Akirudi ndani, basi. Nimemrudisha kwa yule daktari, akaniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikasema mbali. Akatikisa kichwa, akasema mtoto anaweza kuumwa kwa kumkumbuka mtu, na kwamba hospitalini alichangamka kwa sababu ya watu wengi.

Nimelifikiria hilo nikaona ni kweli. Mtoto anaumwa wewe. Hakuna dawa ya hilo dukani. Sikuandikii kwa hasira, nakuandikia kwa kuwa sina tena mahali pa kumpeleka. Leo nimemwinua, shingo ikaanguka begani kwangu kama ya mtoto mchanga, na ni mtoto wa kukimbia huyu. Nimeuliza mara ngapi utarudi lini, na kila barua yako inajua kusema habari za chuma na baridi, hilo haijui.

Usiogope kwamba anapigwa na baridi. Kuna baridi kali na mvua haiachi, lakini dirisha la chumba cha ndani nimeliziba kwa gunia, hapaingii hata upepo wa sindano, na mashuka yake yana joto kutwa. Hilo sijamnyima.

Njoo. Au sema huji, nijue.

Mama yako.

12 Julai

Mama,

Kabla ya barua hii utakuwa umepata simu ya maandishi. Nimetoka posta sasa hivi kuipeleka. Nyumbani hakuna simu ya kupiga, na hii ndiyo njia ya haraka iliyopo. Nimeandika FUNGUENI DIRISHA NA MLANGO. TOENI MKAA NJE. MPELEKENI MTOTO HOSPITALI LEO. Kama bado hamjafanya, acha kusoma, fanya, halafu rudi.

Mama, mashuka yana joto la nini?

Nimekuwa na barua yako mfukoni toka jana. Ukutani kwenye chumba chetu cha kazi kuna kifaa kinachopiga kelele ile hewa ikivuja hata kidogo. Leo kimelia, mtungi haukufungwa vizuri. Tukaambiwa wote tutoke nje tuvute hewa. Nilikuwa na kichwa kizito toka asubuhi nikadhani ni uchovu. Tumesimama uani, kichwa kikaanza kuwa chepesi, nikatoa barua yako kwa ajili ya kupitisha muda. Nje anachangamka, ndani anazimika. Hospitali anapona, nyumbani anaugua. Shangazi anatapika. Paka amehama. Dirisha lina gunia. Mashuka yana joto kutwa, wakati wa mvua, na wewe umeacha pasi.

Hujaacha pasi.

Sikugombezi. Sina haki ya kukugombeza. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ileile ninayoisoma mimi, ileile, haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu ya Chiriku na kukaa kwenye kile kiti. Uliniandikia midomo yake ni myekundu, na mimi nikakujibu ni dalili nzuri. Mimi, Mama, ambaye naitazama rangi hiyo kila siku. Nikageuza karatasi nikakusimulia kichupa.

Sasa sikiliza. Kinachosaidia ni hewa safi, nyingi, na hospitalini wamvishe kofia ya hewa ya mtungi. Waambie neno hili, kaboni monoksidi, waonyeshe barua. Na nilikuambia mwanga unaiachisha. Hiyo ni kwenye kichupa tu, chembamba kuliko kidole, kwa mashine. Ndani ya mtu mwanga haufiki. Hewa tu, Mama. Hewa.

Umeniuliza mara nyingi nitarudi lini na sikujibu. Masomo yaliisha kama ulivyosikia. Niliombwa nibaki kwa ajili ya mashimo haya, nikakubali, nikaogopa kukuandikia kwamba nimekubali. Nimekwenda leo kwa profesa kumwambia natafuta ndege. Akaniambia subiri kidogo. Nimemwambia kidogo hicho nakijua.

Nijulishe tu kwamba anapumua.

Mwanao.

24 Julai

Mwanangu,

Nianze na salamu, maana nisiposhika salamu sitajua pa kushika. Kaka yako hajambo, anakusalimu. Hafungui kazi siku hizi, anashinda na mimi. Shangazi yako hajambo, leo ametembea mpaka bombani na kurudi bila kushika ukuta. Mama Redio hajambo, ametuletea chai na hakusema neno, hilo peke yake lingekuambia hali yetu. Paka yuko hukohuko kwake. Chiriku nimemweka mwisho kama kawaida.

Simu yako ilifika. Nitakueleza ilivyofika, kwa kuwa nataka usikie kwangu.

Unajua kwetu simu ya maandishi ni ya nini. Ya baba yako ililetwa na mtu huyuhuyu wa posta, kofia yake hiihii. Nilipomwona anashuka baiskeli mbele ya mlango, akanisalimu kwa sauti ndogo, nikajua umekufa. Sikumwuliza. Nikaipokea, nikaitia kifuani, nikaingia chumba cha ndani nikafunga mlango. Nikalisukuma lile gunia la dirishani likaze, ili nikilia Mama Redio asisikie kabla sijamwambia kaka yako. Nikakaa chini. Sikuifungua. Nikasema moyoni, mpaka niifungue bado mwanangu ni mzima.

Pasi zilikuwa na moto, zote mbili, na jiko la kuwashia mkaa lilikuwa pale kando. Ndiyo, mwanangu. Mashuka ni ya ile nyumba ya wageni, wateja wangu wa zamani. Sikuweza kukaa mikono mapajani, ningekuwa nani? Mwanzo nilikuwa napiga pasi barazani kama zamani, lakini askari wako akaanza kuchungulia, na nilikuwa nimekwisha kukuandikia kwamba nimeacha. Nikahamia ndani nikaziba dirisha asione mwanga wa makaa. Ilikuwa ili ulale vizuri kama ulivyosema.

Chiriku alikuwa amelala juu ya mashuka niliyotoka kuyanyoosha. Nikamtazama nikawaza namwambiaje. Kichwa kikawa kizito, macho yakawa mazito, nikasema huu ndio uchungu wa mzazi, kumbe unaanzia kichwani. Ningekaa hivyo mpaka leo. Shangazi yako akasukuma mlango kwa bega. Akanikuta na bahasha mkononi haijachanwa. Akasema, "Unamlilia nani na hujasoma?" Akaninyang'anya, akachana, akasoma huku anayumba. Akasema, "Hajafa. Anasema tufungue dirisha."

Mwanangu, nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamkumbatia wifi yangu, ambaye sijamkumbatia toka siku ya harusi yangu, tukasimama tunacheka na machozi, hajafa, anataka dirisha, amekuwa mkubwa anatuamrisha mpaka madirisha. Muda wote huo mlango umejirudi wenyewe nyuma yake na makaa yanawaka. Halafu nikainama kumwamsha Chiriku nimpe habari njema kwamba mama yake yu hai.

Hakuamka. Nilimwita, nikampiga viganja vya miguu. Shangazi yako aliacha kucheka, akasoma karatasi tena, sasa kwa sauti, mpaka mwisho. Akalivuta gunia kwa mikono miwili likatoka na fremu ya dirisha. Akamtupa mtoto begani akakimbia naye barabarani kwenye matope, yeye aliyekuwa anashika ukuta. Mimi nilikuwa nyuma yao nimeanguka mara sijui ngapi. Kaka yako alitukuta njia panda akawapakia.

Wakamvisha kofia ya hewa. Karatasi yako nilimpa daktari, yule aliyesema mtoto anakukumbuka. Aliisoma, akasema wifi yangu naye avishwe, na mimi. Tumelala watatu kwenye chumba kimoja tumevaa kofia kama marubani. Shangazi yako aliinua yake kidogo akaniambia, "Sasa ndiyo siondoki kabisa." Nikamwambia asiondoke. Nilisema kweli.

Mtoto amefungua macho siku ya pili. Anakula ukimlisha. Anatembea ukimshika mkono, ukimwachia anasimama palepale. Hazungumzi. Mwanangu, hata neno. Ninamwuliza, mimi ni nani, ananitazama kama mtu anayetazama dirisha la basi lililoondoka. Kishimo cha shavu kipo lakini hakiingii, kwa kuwa hacheki.

Daktari anasema ile hewa imeshatoka kwenye damu, wamepima. Anasema tungoje, wengine hurudi, wengine huchukua muda, hasemi wengine wa tatu. Mimi namsikiliza lakini simwelewi. Kama imetoka, nani amekaa kwenye kiti cha mtoto wangu? Kwa nini mwenyewe harudi akakaa? Wewe uliniandikia kwamba inaweza kuachia ikajibanza konani, na kwamba kona hiyo hakuna anayeijua ila wewe. Daktari huyu hajasikia habari ya hiyo kona, nimemwuliza. Kwa hiyo pengine kipimo chao hakifiki huko.

Uliandika pia, katika barua yako ya mwisho kunifikia, kwamba mwanga unaitoa. Basi mvua imekatika, na kila asubuhi natoka na Chiriku mpaka kwenye benchi la uani hospitalini. Namgeuza uso kwenye jua. Namwambia fungua mdomo, mjukuu wangu, anafungua, hicho anakubali, na ninamshika kidevu ili mwanga uingie mpaka ndani. Wauguzi wananiacha. Tunakaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kitufikie, halafu tunahama benchi. Shangazi yako anamshika upande mmoja, mimi mmoja. Jana nilidhani ametingisha ulimi. Labda alimeza mate.

Lakini jua letu labda halina nguvu ya taa yako. Kama ni hivyo njoo na taa. Mwambie profesa wako ni ya kuazima, tutaifunga kwenye mashuka isivunjike, nitaibeba mimi mwenyewe. Kama haibebeki, niambie jua la saa ngapi ndilo lenye nguvu, na nimgeuze upande gani, na ikishaachia nifanye nini isirudi, kwa maana uliandika inarudi ikipata joto. Mashuka nimerudisha yote kwa wenyewe. Pasi kaka yako amezitupa shimoni. Mtoto analala kwenye shuka baridi, dirisha halina hata fremu.

Ukitaka kunilaumu usinilaumu kwa barua, njoo unilaumu kwa mdomo, nitasimama mbele yako usikie vizuri.

Nijibu upesi, mwanangu, usingoje kuandika barua, barua zako zinatembea kwa miguu. Tuma simu ya maandishi. Safari hii nitaifungua hapohapo, mikononi mwa mtu wa posta, mlango ukiwa wazi.